Bango lenu halina tarehe

Barua zilizofika kwenye safu hii ya ushauri kwa bendi mwezi huu karibu zote ni za wapiga pop-panki. Nikisema panki nina maana ya muziki, ule wa magitaa ya kasi. Aliyeuliza kama ni lazima anyoe pembeni aache katikati, hilo ni la kinyozi. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaondoa, na zile barua za "naomba namba ya meneja yeyote mkubwa" nimezitupa, kama nilivyozitupa mwezi uliopita na kama nitakavyozitupa mwezi ujao.

Bendi yetu ina miezi mitano. Tumerusha video 41 na hakuna iliyovuma. The Linda Lindas walitoboa kwa video moja tu. Tunakosea wapi?

Kwenye hilo neno "tu". Video ile waliyopiga kwenye maktaba ya Los Angeles ilisambaa Mei 2021, na kwa kuwa mpiga drams wao alikuwa na miaka 10 wakati ikirekodiwa, kila mtu akadhani ni watoto waliookotwa wiki hiyo. Mabinti wale walikuwa wakipiga pamoja tangu 2018. Mwaka 2019 walishapanda jukwaani kuwafungulia Bikini Kill, bendi kongwe ya panki. Walikulia kwenye shoo za panki za mchana, zile ambazo mtoto anaruhusiwa kuingia, na baba wa wawili kati yao ni prodyuza, jambo ambalo wapenda hadithi za kuokotwa huwa wanalisahau. Video ilipovuma, ilikuta bendi tayari. Lebo ya Epitaph, yaani kampuni ya rekodi, ikawasaini, albamu yao ya kwanza ikatoka Aprili 2022, na mwaka 2024 walikuwa wakifungua shoo za Green Day viwanjani.

Sasa tuseme video yenu ya 42 inavuma kesho. Watu wanataka kuwaona Jumamosi. Mtawapigia nini? Barua yenu ina kurasa mbili, imetaja video mara tisa, na haijataja wimbo hata mmoja.

Nawapa kisa cha bendi ya Green Day, kwa sababu najua ndio walioko ukutani kwenu. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa bado wanaitwa Sweet Children, wavulana wa shule. Walialikwa kupiga kwenye nyumba moja milimani, kaskazini mwa California. Umeme hakuna, jenereta inanguruma nje, mishumaa ndani, na wasikilizaji ni vijana wapatao watano. Watano! Wakapiga kana kwamba uwanja umefurika. Mmoja wa waliokuwapo alikuwa Larry Livermore, mwenye lebo ndogo ya Lookout, na papo hapo akaamua kuwarekodi. Wangepiga kivivu kwa kuwa watu ni wachache, habari ingeishia mlimani.

Baada ya hapo walizunguka Marekani kwa gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembea. Baba wa mpiga drams wao, Tré Cool, alilikarabati na ndiye aliyekuwa akiliendesha. (Maktaba tena.) Albamu mbili chini ya lebo ndogo, ya kwanza 1990, kisha lebo kubwa ya Reprise ikawasaini 1993, na Februari 1994 ikatoka Dookie, iliyokuja kuuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Kutoka kwenye mishumaa mpaka hapo ni kama miaka mitano au sita. Nyinyi mna miezi mitano na mmeshachoka.

Mtasema hamna ukumbi. Bendi za vitongoji vya Chicago hazikuwa nao pia, zikawa zinakodi ukumbi wa chama cha Wakatoliki kule Arlington Heights, zinabeba spika zenyewe, zinakata tiketi mlangoni zenyewe. Fall Out Boy wametokea huko. Tafuteni chumba chenye soketi mbili zinazofanya kazi, alikeni bendi nyingine tatu, na kila bendi ije na marafiki zake. Zima simu usiku huo.

Hivi Green Day ni panki kweli?

Naulizwa kila mwezi, na kila mwezi anayeuliza anajiona wa kwanza. Ukumbi wa 924 Gilman pale Berkeley, uliowalea, una sheria kwamba bendi iliyosainiwa na lebo kubwa haipandi jukwaani, na waliposaini wakafungiwa mlango kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2015 walirudi kupiga shoo ya kuwachangia fedha walioathirika na moto. Kama Gilman na Green Day wamesameheana, wewe unagombania nini?

Mpiga drams wetu ana miaka 13, sisi wengine tuna 17 na 18. Tumsubiri akue au tutafute mwingine?

Zac Farro, mpiga drams wa Paramore, alikuwa na umri kama huo bendi ilipoanza mwaka 2004. Kama anashika mwendo na hakimbizi kiitikio, mwacheni. Ila asiweke saini popote bila mzazi au mlezi wake kusoma karatasi, na siku za mtihani mazoezi hakuna. Sitaki kuandikiwa na mama yake.

Tunatumia kodi (chords) tatu tu za gitaa kwenye nyimbo zote, na wapiga jazi wa mtaani wanatucheka. Tujifunze kodi ngumu?

Wacheni wacheke. Lakini nyinyi jueni mnachokifanya, maana nusu ya wanaonitumia rekodi hawajui.

Ile pawa kodi mnayoikandamiza ina noti mbili za ngazi ya muziki: ya kwanza na ya tano. Ya tatu imeachwa. Na hiyo ya tatu ndiyo inayomwambia msikilizaji kama kodi ni meja au maina, kama inacheka au inalia. Ukipitisha kodi kamili kwenye distoshen kali, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, ya tatu inagombana na wenzake na sauti inakuwa uji; ukiiondoa, gitaa linakaa zito na safi. Matokeo yake ni kwamba gitaa lenu halijasema kama wimbo ni wa furaha au wa majonzi. Kazi hiyo ameachiwa mwimbaji. Ndiyo maana pop-panki inaweza kuimba habari za kuachwa na mpenzi huku ukumbi mzima unaruka.

La pili ni mkono wa kulia. Kwenye beti, laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale pale karibu na daraja la gitaa, upate ile dug-dug-dug iliyobanwa. Kiitikio kikifika, inua kiganja. Kodi ni zilezile, lakini msikilizaji anahisi kama dirisha limefunguliwa. Katika rekodi mliyonitumia kiganja kimeinuka tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa hiyo kiitikio kilipofika sikukitambua. Nilirudia mara mbili kukitafuta.

Ramones, albamu yao ya kwanza ya 1976, waliweka nyimbo 14 ndani ya dakika 29 na ushei. Wenu mmoja una dakika sita. Kateni.

Tumegundua kuna bendi nchi nyingine yenye jina kama letu. Ni tatizo?

Badilisheni leo, kabla hamjachapisha fulana. Wale vijana wa Poway, California, walijiita Blink mpaka bendi ya Ireland yenye jina hilo ilipotishia kwenda mahakamani, ndipo wakabandika 182 mwishoni. Maana ya 182 wameieleza kwa namna nyingi kiasi kwamba ni wazi haina maana. Wao waliponea hapo. Nyinyi msitegemee bahati ya namba.

Promota ametupa tiketi 50 tuuze wenyewe. Tusipozimaliza tunamlipa tofauti. Anasema ndivyo bendi changa zinavyoanza.

Ndivyo bendi changa zinavyoliwa. Kwa mpango huo promota hana hasara hata ukumbi ukiwa mtupu, kwa hiyo hana sababu ya kubandika bango hata moja. Wauzaji wa tiketi ni nyinyi, wanunuzi ni binamu zenu, na binamu hawarudi mara ya pili.

Nayasema haya kwa uchungu. Enzi zangu za kupiga besi tulipewa mzigo wa aina hiyo. Tuliuza 19, zote kwa ndugu, tukachanga kulipa zilizobaki, na usiku wenyewe tukapangwa wa kwanza. Tulipiga dakika 12 huku jamaa mmoja akipanga viti mbele yetu. Alipomaliza safu ya tatu aliketi kupumzika, na huyo ndiye shabiki pekee tuliyempata bila kumuuzia tiketi. Mwambieni promota mgawane mapato ya mlangoni. Akikataa, muageni kwa heshima.

Lebo imetupa mkataba wa kurasa 31 na pesa nzuri ya kianzio. Meneja anasema ni wa kawaida na tusipoteze bahati. Tusaini?

Nimeliandika hili mara nyingi mpaka mhariri amenikataza, lakini mhariri yuko likizo.

Kianzio ni mkopo. Mtaulipa kwa mirabaha yenu, yaani fungu lenu la mauzo, na juu yake vitapandishwa gharama za studio, prodyuza, mara nyingi hata sehemu ya video. Mpaka deni liishe, mirabaha ya mauzo hamtaiona. Mwaka 1993 Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Chicago, alipiga hesabu ya mfano wa bendi ya watu wanne iliyouza nakala 250,000. Lebo ilibaki na dola 710,000. Kila mwanabendi alipata dola 4,031 na senti 25. Bei zimebadilika tangu hapo, lakini foleni ya wanaolipwa kabla yenu bado ni ileile.

Halafu tazameni nani anasaini. Hayley Williams, mwimbaji wa Paramore, alisainiwa na lebo ya Atlantic akiwa binti mdogo, peke yake. Bendi aliing'ang'ania mwenyewe, lebo ilimtaka awe mwimbaji wa pop. Kwa ung'ang'anizi huo namheshimu sana. Lakini mkataba ulibaki na jina moja, na mwaka 2010 Zac Farro na kaka yake walipoondoka Paramore, hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko waliyoyatoa hadharani. Baadaye mpiga besi, Jeremy Davis, naye akaondoka, na kukawa na kesi juu ya kama alikuwa mbia au mwajiriwa, iliyokwisha kwa makubaliano 2017. Hawa walikuwa marafiki wa utotoni. Kwa hiyo kabla ya kusoma karatasi ya lebo, andikeni yenu: nani ametunga nini, jina ni la nani, anayeondoka anaondoka na nini. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni sasa hivi ambapo hakuna pesa, kwa sababu zikija hamtaandikiana kwa upole.

Kwenye zile kurasa 31 tafuteni mambo mawili. Kwanza, hakimiliki ya utunzi na ya rekodi ni vitu viwili tofauti. Ipi mnaitoa, na kwa miaka mingapi? Pili, je, lebo inachukua asilimia ya shoo, fulana na matangazo pia? Mikataba ya namna hiyo huitwa 360, yaani inawazunguka pande zote.

Na msidhani lebo ndogo ya marafiki ni salama kwa sababu ni ya marafiki. Green Day waliondoa albamu zao za mwanzo Lookout mwaka 2005 kwa mirabaha isiyolipwa.

Anayesema mkataba wa kurasa 31 ni wa kawaida anapata asilimia ngapi mkisaini? Mwulizeni hilo kwanza. Kisha upelekeni mkataba kwa wakili asiyejuana naye.

Masikio yanalia mlio siku mbili baada ya mazoezi. Kawaida?

Hapana. Kwa kiwango wanachotumia wataalamu wa afya kazini Marekani, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Nunueni vizibo vya masikio, na huo mlio ukiendelea mwone daktari. Nyuzi mpya zinaweza kusubiri.

Tukimaliza shoo za mbali tunaendesha usiku kucha kurudi, ili tuokoe pesa ya kulala. Mpiga besi ndiye dereva, amezoea.

The Exploding Hearts walikuwa vijana wa Portland, albamu moja tu, nzuri mno. Julai 2003 walikuwa wanarudi nyumbani kutoka San Francisco. Gari lilipinduka Oregon alfajiri. Watatu kati ya wanne walikufa. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mpiga besi.

Ombeni kulala sakafuni kwa bendi wenyeji, na nyinyi muwalaze wakija kwenu.

Tunakualika kwenye shoo yetu ya kwanza kubwa! Tumeambatanisha bango. Utakuja?

Nimelitazama kwa makini. Lina mafuvu mawili, radi, gitaa linalowaka moto na majina ya bendi sita kwa herufi za miiba. La nne sijaweza kulisoma mpaka sasa. Tarehe haipo, saa haipo, ukumbi haupo. Nitumieni hayo matatu, nitakuja.