Mpe Mhusika Wako Madeni Mawili

Katika michezo ya mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika na mmoja anaongoza kisa, wachezaji wa Dar wana tabia moja inayomtesa mtunzi wa visa: wanajua kusuluhisha. Weka mezani watu watano, waandikie wahusika waliochukiana tangu utotoni, wape mapanga na uchawi, halafu subiri. Haipiti nusu saa, mmoja atasema, "Jamani, sisi ni watu wazima, tukae tuyamalize." Na yanaisha kweli. Uhasama uliouandaa wiki nzima unazikwa hapo hapo, watu wanaagiza chipsi mayai.

Naendesha michezo hii ya dadu na karatasi sebuleni kwa rafiki, Sinza, na sasa siandiki tena wahusika maadui. Naandika mhusika mwenye madeni mawili, yote halali, yanayodaiwa usiku mmoja, na yeye ana uwezo wa kulipa moja tu. Adui unaweza kupatana naye. Deni la haki huwezi kulikalia kikao ukaliondoa.

Karatasi yenyewe ya mhusika haikusaidii sana. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilitoka Marekani mwaka 1974 ikiwa na asili ya michezo ya vita vya sanamu ndogo ndogo, na mpaka leo sehemu kubwa ya karatasi ni namba: nguvu, wepesi, uhai. Toleo la 2014 liliweka nafasi za kuandika anachokiamini mhusika, anachofungamana nacho na udhaifu wake. Watu wanazijaza hivi: naamini haki, nampenda mama, napenda tembo. Maneno mazuri, ila kila moja linakaa kivyake. Yagonganishe. Haki inataka mwizi apelekwe kwa kadhi, na mwizi ni mama. Tayari una mtu wa kucheza.

Nitoe mfano wa kisa ninachokirudia mara nyingi. Mji ni wa kubuni lakini nimeuazima Kilwa Kisiwani ya karne ya 14, ile aliyofika Ibn Battuta mwaka 1331: msikiti wa mawe, dhahabu ya kutoka Sofala, vyombo vinavyosubiri kusi vielekee Arabuni. Katika mji wangu kuna jini kisimani. Aliagana na waasisi kwamba maji matamu hayatakauka, ila kila kizazi apewe jina la mtu mmoja. Anayetolewa jina hafi. Anasahaulika. Mamake atapishana naye sokoni asimjue. Kisa kinaanza magharibi na kinaisha alfajiri, chombo cha mwisho cha msimu kikitweka tanga.

Mwanakombo ni rubani, yeye pekee anajua kupitisha chombo katikati ya miamba. Alimwapia baba yake akiwa anakata roho kwamba mdogo wake hatatolewa kwa jini. Lakini wazee wa mji ndio waliowalea wote wawili baada ya msiba ule, na sasa wanamwomba asiondoke. Shomari ni mlinzi wa kisima, amekula kiapo. Na mtoto ambaye wazee wamemchagua, huyo mdogo wake Mwanakombo, ndiye aliyemvuta Shomari kutoka majini siku alipokuwa anazama.

Utaona nusu ya tatizo la kila mmoja iko mikononi mwa mwenzake. Ufunguo wa kisima uko kwa Shomari, njia ya kutokea baharini iko kichwani mwa Mwanakombo. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Uchungu uliofungiwa ndani ya historia ya mhusika, kijiji kilichochomwa moto miaka 20 iliyopita, hauwezi kuguswa na mchezaji mwingine. Atausimulia mara moja, wenzake watasema pole, basi.

Kinachogombewa nacho kisigawanyike. Fedha watagawana, shamba watagawana, hata kiti cha usultani watapeana zamu. Jina haligawanyiki, ingawa watajaribu. Kuna jamaa alimpa jini jina lake la mtaani akidhani kamzidi ujanja. Nilimkubalia. Tangu hapo mhusika wake akiitwa jina lile hageuki, wenzake wanamwita weee, na jini bado anadai.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukaendelea kwa tochi za simu. Huwa naweka ufunguo wa kweli mezani, wa kufuli la zamani. Ilipofika zamu ya Shomari nikamsogezea mchezaji wake dadu la nyuso 20, apambane na jini. Akalirudisha. "Sirushi." Akausukuma ufunguo mpaka kwa dada aliyekuwa Mwanakombo, akasema mchukueni mtoto, jini nitampa langu. Halafu akamwuliza, "Mimi naitwa nani?" Yule dada akaangalia karatasi yake, akaangalia ufunguo. "Samahani kaka, sikufahamu." Hakuna namba iliyotumika pale.

Siri zitumie kwa kiasi. Msaliti wa siri anaonekana mtamu ukiwa unaandika, lakini mchezaji wake atakaa kimya usiku mzima akilinda siri. Ukitaka siri, iwe ya wawili, ili wapate cha kunong'onezana.

Kabla hujachapa karatasi, kaa upande wa mhusika na ujiulize: akichagua hivi nitamlaumu? Akichagua vile? Kama upande mmoja ni wa wajinga, hujampa mtihani wowote. Na mwache mmoja awe mtu mwepesi. Mimi nina Feruzi, baharia anayetaka ujira wake tu. Kila dakika kumi anauliza, "Tunaondoka hatuondoki?" Bila yeye wenzake wangetafakari mpaka asubuhi.

Waulize watu mapema, kwa ujumbe wa faragha, nini wasichotaka kukigusa. Aliyetoka kuzika majuzi usimkabidhi kiapo cha marehemu.

Karatasi iwe nusu ukurasa. Mtu ametoka kwenye foleni ya Mwenge, hana nguvu ya kusoma ukoo wa kifalme. Sentensi mbili za madeni, moja ya kile mwenzake anachokijua kumhusu, inatosha. Na angalia saa: ikikaribia saa nne usiku, wa Mbagala na wa Tegeta wanaanza kuwaza usafiri, na uamuzi mzito hufanywa haraka haraka ili watu wawahi. Kwa hiyo jini wangu anatoka kisimani saa mbili na nusu, wawe tayari wasiwe tayari.