Hema la UL2 kwa watu wawili Mlima Kenya

Ndugu, umeuliza kama hema ya Copper Spur UL2 itawatosha wewe na jamaa yako Mlima Kenya njia ya Sirimon, mi naona itatosha ila angalieni magodoro kwanza. Upande wa kichwani ina upana wa kama sentimita 132 lakini miguuni inabana hadi 107 hivi, kwahiyo magodoro ya kawaida ya sentimita 51 yanaingia mawili, yale mapana ya 64 sahau. Milango miwili ni raha sana, mtu akitoka usiku kukojoa hamruki mwenzie 😂

Uzito ni kama kilo moja na nusu, mkigawana mmoja abebe fito mwingine turubai hamtausikia. Wasiwasi wangu ni kitambaa, ni chepesi mno na kule kambi ya Shipton's mita 4,200 chini ni mawe mawe tu, wekeni shiti ya plastiki chini, na kamba zote zifungeni kwenye mawe makubwa maana upepo wa kule hauna adabu. Usiku msizibe matundu ya hewa hata kama baridi imewashika, pumzi zenu zitageuka maji na asubuhi mtaamka slipingi bagi zimelowa.