Nani anasoma gazeti la mji mdogo Marekani? Wapo
Umeuliza nani bado ananunua gazeti la kijijini Marekani wakati kila mtu ana simu mkononi. Wapo ndugu yangu, tena sio wachache. Chukua Kansas, jimbo la ngano na ng'ombe, magazeti mengi ya miji midogo huko yanatoka mara moja kwa wiki na yanaletwa na posta, ndani unakuta kikao cha kaunti kimeamua nini, nani kafariki, timu ya sekondari imefungwa ngapi, na yale matangazo ya kisheria ya minada na kodi ambayo ndo yanasaidia kulipa bili. Hayo CNN haina habari nayo kabisa.

Na usidhani ni vigazeti vya kufungia maandazi. Marion County Record, gazeti la mji mmoja hukohuko Kansas wenye watu kama 1,900 tu, Agosti 11, 2023 polisi waliwavamia ofisini wakabeba kompyuta na simu, wakaenda mpaka nyumbani kwa mhariri Eric Meyer, na mama yake Joan, bibi wa miaka 98 mmiliki mwenza wa gazeti, akafariki kesho yake. Toleo lililofuata likatoka vilevile! Walikesha wakilitengeneza upya, ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa kwamba wamenyang'anywa vitu lkn hawajanyamazishwa. Mkuu wa polisi baadaye akajiuzulu. Sasa fikiria kaunti ambayo haina gazeti kabisa, huko mnabaki na fununu za Facebook tu, diwani akila hela nani atajua