Piroska: mwekundu au wa kale?

Swali: Mdogo wangu ameolewa Budapest na amejifungua binti, wamempa jina Piroska. Shemeji anasema maana yake ni mwekundu. Padri wetu anasema ni "wa kale". Nani yu sahihi? Na sisi huku tuandike Piroska au Piroshka?

Jibu: Hongereni kwa mtoto! Kwa asili, padri amepatia. Piroska ni Priska, jina lile lile la kina Priska wetu wa Tanzania, na la yule Priska anayesalimiwa na Paulo pamoja na Akila katika Waraka kwa Warumi. Ni la Kilatini: "wa kale, wa tangu zamani".

Kihungari cha zamani hakikupenda konsonanti mbili zibanane mwanzoni mwa neno, kikazitenga kwa irabu: Blasius akawa Balázs, Franciscus akawa Ferenc. Ndivyo nasi tulivyopata dereva na kilabu. Pri- ikawa piro-, na hapo Wahungari wakasikia neno lao wenyewe. Piros kwao ni nyekundu, wekundu wa tufaha lililoiva au wa mashavu ya mtoto. Na -ka ni kiambishi cha udogo, kama ka- ya "katoto", ila chao hukaa mwishoni. Hata yule binti wa hadithi mwenye kofia nyekundu, aliyekutana na mbwa mwitu, kwa Kihungari ni Piroska.

Kwa hiyo shemeji naye simkosoi. Kitabu kimetoka Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya mzizi. Sisi tukasikia ki- ya kiti, tukasema vitabu, na leo hakuna anayekiona kosa. Maana waliyoisikia wenye lugha kwa karne nyingi ni maana pia.

Tena ni jina la heshima. Piroska binti wa Mfalme László I aliolewa Konstantinopoli, akawa Malkia Irene, akafariki 1134. Picha yake ya vijiwe ingali ukutani Hagia Sophia, Istanbul, na nywele zake ndefu zilizosukwa zina wekundu.

Andikeni Piroska, kama lilivyo kwenye cheti chake, mtamke Piroshka: s ya Kihungari ni sh yetu. Mkazo uwe kwenye Pi, si kwenye ro kama ulimi wetu unavyotaka. Bibi yake akishindwa, amwite Priska.