Hadithi za Mashabiki na Mipaka ya Hakimiliki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Marekani, na huandika hadithi nikiwatumia wahusika wa riwaya moja mashuhuri. Siziuzi, na kila mara humtaja mwandishi wake. Je, hayo yananikinga kisheria? – Msomaji, Ohio

JIBU: Ndugu msomaji, yanakusaidia, lakini hayakukingi. Kumtaja mwandishi ni uungwana, si ruhusa, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1976 humpa mwenye hakimiliki uamuzi juu ya kazi zinazotokana na yake. Kutouza nako ni sehemu tu ya mizani ya matumizi ya haki ("fair use"), yaani utetezi wa anayetumia kazi ya mwenzake bila ruhusa: jaji hutazama pia aina ya kazi ya asili, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko lake.

Kundi la 2 Live Crew liliomba ruhusa ya kuugeuza kwa mzaha wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", likanyimwa, nalo likautoa na kuuza. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilitamka kwa kauli moja kwamba kuuza peke yake hakuondoi utetezi, na kwamba anayeidhihaki kazi hana budi kuazima kwayo, maana msikilizaji asipoitambua hataielewa dhihaka. Anayeazima umaarufu wa mwenzake ili azungumzie jambo jingine kabisa ana utetezi dhaifu zaidi.

Iliyo karibu nawe zaidi ni kesi ya Alice Randall, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kusomwa na kila shabiki anayeandika. Aliisimulia upya "Gone with the Wind" kwa sauti ya binti aliyezaliwa na mama mtumwa na bwana mwenye shamba, ili afichue jinsi riwaya ile ilivyowasawiri Weusi. Mahakama ya chini ilikizuia kitabu chake. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa mjini Atlanta ikaliondoa zuio hilo, ingawa alikuwa amechukua wahusika na matukio mengi, kwa sababu alivichukua ili kuikosoa riwaya yenyewe.

Basi jiulize hadithi zako zinasema nini juu ya riwaya unayoiazima. Ikiwa zinaendeleza tu maisha ya wahusika unaowapenda, jambo ambalo si aibu hata kidogo, fahamu kwamba huenda zinaishi kwa uvumilivu wa mwenye hakimiliki kuliko kwa haki yako. Ukiletewa barua na wakili wake, usiipuuze. Sitisha usambazaji, kisha umwone wakili wa hakimiliki kabla hujajibu neno lolote.