Barua kwa mwanangu kuhusu tawi la Morogoro

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na goti la baba yako limetulia. Umeniuliza kama umkabidhi yule binti wa dukani kwako tawi la Morogoro sasa hivi au usubiri mwaka. Kila nikitaka kukujibu namkumbuka yule bibi mwenye duka Mtaa wa Swahili, Kariakoo.

Unajua nilikoanzia. Duka lile la kwanza nilipekuliwa mkoba kila jioni, mlangoni, mbele ya wateja. Mpaka leo nikilikumbuka nasikia uchungu. Wala hakuna kilichoibwa, ni hofu tu. Ilikuwa 1983, msako wa wahujumu uchumi umepamba moto, watu wanaficha mali, hata khanga za Urafiki zinauzwa kwa kunong'onezana.

Bibi alinichukua baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Majora yakaanza kuonekana tena Kariakoo. Hakuanza kwa kunipa funguo. Aliniketisha kando yake akanionyesha bei ya kununulia, ambayo wenye maduka wengi huwaficha wafanyakazi hata leo. Kisha daftari la madeni: huyu tumkopeshe? Kwa nini? Asubuhi moja nikakuta ameniachia funguo kwa jirani, yeye ameshapanda basi la Tanga kwenda msibani. Mwanangu, siku ile nilifagia mpaka baraza la jirani!

Nasema siku zote: ukimwamini mtu bila kumfundisha, umemtega. Utaniambia kijana wa mjomba wako alifundishwa na bado akatoroka na mauzo ya Idi. Lakini alifundishwa nini? Kuuza tu. Bei ya kununulia hakuwahi kuijua, duka lile hakulihesabu kuwa lake hata kidogo. Ingawa wapo wanaojua kila kitu na bado wanaiba, hilo siwezi kulikataa. Hata hivyo nasema tena, umemtega.

Sikuambii umpe wala usimpe. Mdomo unaniwasha, lakini biashara ni yako. Nijibu kwanza: bei ya kununulia anaijua? Wale wa jumla Kariakoo wanamfahamu, au wanakufahamu wewe peke yako? Na huo mwaka unaotaka kusubiri, umepanga kumfundisha nini?

Nipigie Jumapili baada ya chakula.

Mama yako