Kwacha kugoma kugeuka shilingi kwenye hledger: anza na tarehe ya bei

Mkuu, nimeuelewa mkwamo wako. Unauza mchele mipakani, Tunduma na Kasumulu, una vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), na hesabu zote ziko kwenye faili la maandishi la hledger, programu ya kutunza hesabu kwa amri. Ukiomba mizania ya mwisho wa Mei kwa `hledger bs -X TZS -e 2025-06-01` (`-X TZS` ni kuthaminisha kwa shilingi, `-e` ni tarehe ya kuishia), kwacha inabaki kwacha. Ukiondoa `-e` inageuka, ila jumla inacheza kila unapoongeza bei mpya. Mimi natunza daftari la aina hiyo la duka moja hapa Mwanjelwa, kwa hiyo haya ni mambo ninayokutana nayo kila nikifunga mwezi.

hledger haina kiwango chake mfukoni, wala haiendi intaneti kuuliza Benki Kuu. Inasoma mistari yako ya P, yaani ya bei, inachukua bei ya karibuni zaidi iliyoandikwa siku ya ripoti au kabla yake, basi. Bei yako ya kwanza ya kwacha umeiandika tarehe 3 Juni. Ripoti inaishia 31 Mei, maana tarehe ya `-e` yenyewe haihesabiwi. Haikuona bei, ikaacha kiasi kama kilivyo, na haitoi onyo lolote. Ongeza mstari huu (namba ni za mfano; ZMW ni kwacha ya Zambia, na suala la `K` uliyoandika wewe nalifikia chini):

`P 2025-05-31 ZMW 100 TZS`

Maana yake kwacha moja ni shilingi 100. Na usipoweka `-e`, programu inathaminisha kwa siku ya mwisho iliyomo kwenye daftari, au siku ya bei ya mwisho kama iko mbele zaidi. Ndiyo maana jumla inacheza. Mizania ya kumwonyesha mtu wa mkopo iwe na tarehe ya mwisho siku zote.

Umeuliza pia: mbona kwenye muamala nilishaandika kiwango kwa `@`? Kwenye Ledger, programu nyingine ya aina hii, hiyo ingetosha, kwani bei ya muamala inaingia yenyewe kwenye orodha ya bei. Kwa hledger, `@` ni gharama uliyobadilishia, si bei ya soko, mpaka uongeze `--infer-market-prices`. Binafsi siitumii. Kiwango cha vijana wa kubadilisha pesa pale mpakani ni cha siku ile na bunda lile. Sitaki kithaminishe kwacha zote zilizobaki kwenye droo. Muamala nauandika kwa nilichopokea kweli:

`Mali:Fedha:Kwacha   -3000 ZMW @@ 291000 TZS`

Alama mbili za `@` ni kwa jumla, kwa hiyo huna haja ya kugawanya ukabaki na visenti visivyofunga hesabu. Kwa kuthaminisha, natumia kiwango cha kati cha Benki Kuu cha siku ya mwisho wa mwezi. Chagua chanzo kimoja ukae nacho. Ukichanganya, faida ya kubadilisha fedha itatokea na kupotea bila biashara kufanyika.

Sasa kile ambacho watu wa huku kinatupata kuliko wa Dar: naona umeandika `K` kila mahali. Mkuu, K ya Tunduma ni ya Zambia, K ya Kasumulu ni ya Malawi, na ya Zambia inaizidi ile nyingine mbali sana. Kwa hledger hizo ni pesa moja. Mauzo yako ya Kasumulu yote yatapewa bei ya Zambia, na mizania itakuita tajiri. Tumia ZMW kwa ya Zambia na MWK kwa ya Malawi, kisha rekebisha miamala ya nyuma mmoja mmoja kwa kuangalia akaunti. Usifanye badilisha-yote kwenye kihariri, utazichanganya upya.

Kingine kwenye faili lako: `P 2025-06-03 USD 2,650 TZS`. Mkato ukiwa mmoja na hakuna nukta, hledger inaweza kuusoma kama alama ya desimali, dola ikawa shilingi mbili na ushee. Weka `decimal-mark .` juu kabisa ya faili, au acha mikato kabisa kama mimi.

Vipande vya UTT ni rahisi zaidi. Vipe jina lisilo na nafasi wala tarakimu, mfano UMOJA. Vinginevyo lazima ulifunge kwa alama za nukuu. Wanatangaza thamani halisi ya kipande, bei ya kuuza na bei ya kununua tena. Natumia hii ya mwisho, maana ndiyo wangenilipa nikitoka leo. Ukishaandika gharama ya ununuzi kwa `@`, faida ambayo hujaichukua unaiona kwa `hledger bal Mali:Uwekezaji --gain -X TZS`.

Mapato na matumizi, hapo `--value=then,TZS` ndiyo inafaa: kila muamala kwa bei ya siku yake. Mizania iache na `-X`.

Ukimaliza, endesha `hledger prices` usome orodha yote kwa macho. Bei iliyokaa kinyume, TZS ikithaminishwa kwa ZMW, huonekana haraka. Ikigoma bado, bandika hapa mistari ya P na amri kamili uliyotumia. Kiasi cha pesa ficha, hatukihitaji.